Julai Unataka Straika Mgeni, Januari Unauliza Mzawa Yuko Wapi

Najua wengi wenu bado mna hasira za Jumapili, na mimi ninazo. Ila tangu filimbi ya mwisho ipigwe kule San Pédro simu yangu haijapumzika. Kila grupu ni kelele, kila mtu ana mchawi wake. Leo naandika kuhusu uchawi huo, na nawaambia mapema kabisa: wengine mtajikuta humu ndani. Msininunie.

Tukumbushane kwanza kilichotokea, maana kuna watu wanabishana na mechi hawajaiangalia. Jumatano ya Januari 17 tumepigwa 3-0 na Morocco. Sawa, Morocco ni timu iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, hiyo tukaimeza. Siku mbili baadaye CAF wakamfungia kocha wetu Adel Amrouche mechi 8 kwa maneno yake kuhusu Morocco, timu akapewa Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani ni Morocco. Mitandao ikacheka wee mpaka ikachoka.

Halafu ikaja Jumapili na Zambia. Dakika ya 11 tu Msuva kafunga. Dakika ya 44 Zambia wanapata kadi nyekundu. Tuko mbele, wao wako 10. Nchi nzima tulianza kupiga hesabu za 16 bora. Dakika ya 88, kona, kichwa cha Patson Daka, 1-1. Kimya.

Kwenye kundi sasa Morocco wana pointi 4, Zambia 2, Kongo 2, sisi 1. Jumatano hii tunacheza na Kongo kule Korhogo, saa 5 usiku kwa saa za kwetu. Tukishinda tunafikisha 4 na mlango unafunguka. Na kumbuka hii ni AFCON yetu ya tatu. Tulicheza 1980 Nigeria, tukacheza 2019 Misri, na sasa hii. Jumla mechi 8. Ushindi sifuri. Yaani Jumatano tunatafuta ushindi wa kwanza wa Taifa Stars AFCON tangu dunia iumbwe. Hiyo ndo mechi iliyo mbele yetu.

Sasa angalia watu wanabishana nini.

Mtu wa Simba anasema beki wa Yanga ndo kaacha mtu apige kichwa. Mtu wa Yanga anasema wa Simba ndo wazito, wamechoka, wamezeeka. Utopolo hivi, makolo vile. Hakuna anayeongelea Stars hapo. Ni dabi ya Kariakoo imevalishwa jezi ya taifa. Kuna mchambuzi mmoja wa redio, simtaji, sauti anayo na maneno matamu anayo, huyo kwa siku mbili anazungusha swali moja tu: nani kakosea kwenye ile kona? Anaita wasikilizaji, wanapiga simu, wanatajana majina, kipindi kinaisha. Kuna staa mwingine wa mjini alijipiga picha na jezi ya Stars mchana kutwa ya Jumapili, dakika ya 90 picha zote kafuta. Kisa sare! Sijui tungefungwa angefuta na akaunti.

Mimi swali langu ni lingine. Ile kona ni dakika moja. Kabla yake kuna dakika 44 tulikuwa 11 na wao 10. Goli la pili lilikuwa wapi?

Na msiseme ni bahati mbaya. Mwaka 2019 pale Cairo tulicheza na Kenya. Tuliongoza 1-0, wakarudisha. Tukaongoza 2-1, wakarudisha tena, halafu wakatufunga la tatu. Tukalala 3-2. Mwaka 2019 tukaongoza tukashindwa kumaliza. Mwaka 2024 tukaongoza, mwenzetu pungufu, tukashindwa kumaliza. Kipa anaweza kubadilika, beki anaweza kubadilika, kocha ndo usiseme, lakini ugonjwa ni uleule. Timu ikipata goli inarudi nyuma. Na inarudi nyuma kwa sababu huko mbele hamna mtu wa kuushika mpira, kumsumbua beki na kulazimisha la pili.

Sasa sikiliza hii hesabu, na ukimaliza nenda kaihakiki mwenyewe. AFCON ya 2019 na hii mpaka Jumapili, tumecheza mechi 5. Tumefunga magoli 3. Wafungaji: Msuva, Samatta, Msuva. Basi. Miaka mitano, watu wawili. Na hata lile la Jumapili, Samatta ndo kampa pasi Msuva. Yaani nchi ya watu zaidi ya milioni 60 inawategemea walewale wawili iliowategemea walipokuwa vijana zaidi.

Na hao wawili wamepikwa wapi mpaka wakaiva? Samatta aliondoka Simba 2011 akaenda TP Mazembe kule Lubumbashi, na mwaka 2023 akajiunga na PAOK ya Ugiriki. Msuva aliondoka Yanga 2017 akaenda Morocco. Waliondoka mapema. Wangebaki hapa, nina wasiwasi leo tungekuwa tunawaita majina mabaya kwenye benchi la mtu.

Hapa ndo nafika kwako wewe shabiki.

Dirisha dogo limefungwa siku chache tu kabla Stars hawajacheza na Morocco. Wote tulikuwepo. Simba wamewatoa Baleke na Phiri, wakawaleta Freddy na Pa Omar Jobe. Yanga wamemtoa Konkoni, wakamleta Guede. Ukihesabu, wametoka mastraika wageni, wakaingia mastraika wageni. Na wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo? Ulikuwa kwenye komenti unaandika "leteni chuma", "tunataka namba 9 ya maana, siyo hawa wa kwetu". Ulikaa macho mpaka usiku wa manane unasubiri utambulisho. Ukaona sura ya mgeni ukapost moto. Wiki moja baadaye, jezi ya Stars mwilini, unauliza: hivi Tanzania nzima tumekosa straika?

Ndugu yangu, uliyataka mwenyewe hayo.

Kanuni zetu zinaruhusu klabu kusajili wageni mpaka 12. Sina tatizo na namba hiyo, nitaeleza mbele. Tatizo langu ni hao wageni tunawaweka wapi. Angalia vizuri hizi timu mbili kubwa. Pale nyuma Yanga wana Job, Bacca na Mwamnyeto, wote wazawa, na wanacheza. Simba pembeni mpaka Januari 2024 walikuwa na Kapombe na Tshabalala, wazawa, waliocheza miaka na miaka. Matokeo yake? Kocha wa Stars akitafuta beki anachagua mpaka anachanganyikiwa. Beki tunao kwa sababu beki wetu wanacheza mechi kubwa kila wiki, wanakutana na presha, wanakwenda Cairo na Algiers na klabu zao, wanakomaa. Hakuna dawa nyingine.

Njoo mbele sasa. Ni nani anaanza namba 9 Simba? Mgeni. Yanga? Mgeni. Namba 10 je? Mgeni. Mzawa anaingia dakika ya 80 timu ikiwa inaongoza 3-0, au anaingia Kombe la Shirikisho dhidi ya timu ya daraja la kwanza. Halafu Januari tunamtoa hapo tunampeleka AFCON tunamwambia haya, mfunge Hakimi na wenzake. Kwa mazoezi gani?

Na ligi yetu inazalisha wachezaji wa AFCON, tena wazuri. Ila wengi wa pale mbele wanazichezea nchi zao. Zambia Jumapili walikuja na Chama wa Simba na Musonda wa Yanga kwenye kikosi. Kongo Jumatano wana Inonga wa Simba. Mali wanadakiwa na Diarra wa Yanga. Burkina Faso wana Aziz Ki. Na Kongo haohao wana Mayele, ambaye kaondoka Yanga juzi tu akiwa mfungaji bora wa ligi yetu msimu wa 2022/23, magoli 17 sawa na Saido wa Burundi. Mnakumbuka kutetema? Nchi nzima ilitetema. Maharusi walitetema, watoto wa chekechea walitetema, mastaa wa mjini walipanga foleni kurekodi video wakitetema. Sasa Jumatano akiingia akatufunga, tutetemeje?

Najua kuna mtu tayari anaandika: "Sasa wewe unataka wazawa wapewe namba bure? Wazawa wenyewe wavivu, hawajitumi, wanapenda mitungi." Haya, tuliongee hilo.

Msimu wa 2021/22 mfungaji bora wa ligi alikuwa George Mpole wa Geita Gold. Mtanzania. Alifunga 17, akampita huyohuyo Mayele kwa goli moja. Hakuwa na viungo wa Yanga nyuma yake wa kumlisha mipira, alikuwa Geita. Swali: ni shabiki gani wa Simba au Yanga aliyepiga kelele mtandaoni kwamba huyu lazima aje? Nyinyi mnaoanzisha alama za reli kwa kila jina la Kiivory Coast mnaloliona kwenye video ya dakika mbili, Mpole mlimwanzishia ipi? Akaenda zake kucheza Kongo. Kwa hiyo lile la "wazawa hawafungi" muwe mnalisema taratibu. Mmoja alifunga kuliko wote, na hamkumtaka.

Halafu kuna hili la uvumilivu, hili ndo linaniuma kuliko yote. Straika mgeni akija akakosa magoli matano ya wazi, shabiki anasema "mpeni muda, anazoea mazingira, hali ya hewa, chakula". Anapewa nusu msimu ya kuzoea ugali! Mzawa akikosa moja tu, garasa. Kuna kijana mmoja hapa mjini, kakulia timu ya vijana ya klabu yake, simtaji. Kila akiingia na kukosa nafasi, kipande cha video chake kinazunguka siku tatu kimewekewa muziki wa kuchekesha. Miguu yake imechorewa mabuku, sura yake imegeuzwa stika ya WhatsApp. Ana mama huyo. Ana wadogo zake wanaoziona. Halafu mnataka huyo akipata mpira kwenye boksi dakika ya 70, Stars inaongoza goli moja, apige bila kufikiria. Hawezi. Atatoa pasi, atarudisha nyuma, maana kakosa mara moja akaona mlichomfanya. Ule woga mnaouona kwa washambuliaji wa Stars, sehemu yake kubwa imetengenezwa humu humu kwenye simu zetu.

Na watoto wanaona. Pita viwanja vya mchangani jioni, iwe Mbagala, iwe Manzese, iwe Tandale. Mtoto wa miaka 14 mwenye akili anaangalia TV, anaona namba ya beki wanacheza watu wa kwao, wana majina, wana magari. Namba 9 anaona wageni watupu. Mzazi gani mwenye akili atamwambia mwanaye kazana na namba isiyo na ajira?

Sasa narudi kwenye wageni, nisije nikawekewa maneno mdomoni. Sisemi wafukuzwe. Wageni wameinua ligi hii, asiyekubali ni mbishi. Msimu uliopita Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa kwa kanuni ya goli la ugenini mbele ya USM Alger. Msimu huu Simba na Yanga wote wako makundi ya Ligi ya Mabingwa. Haya mambo zamani tulikuwa tunayasikia kwa wenzetu. Hao mabeki wetu wamekuwa wagumu kwa sababu kila siku mazoezini wanakabana na akina Mayele na Aziz Ki. Mgeni ni shule. Ila shule ina wanafunzi, na upande wa mbele madawati yote tumewapa walimu.

Mwingine atasema: "Sisi mashabiki hatusajili, waulizeni viongozi na TFF." Hapana, usijitoe kirahisi hivyo. Kiongozi wa klabu Tanzania anaogopa vitu viwili, kufungwa na mtani na kelele za mitandaoni. Akimleta mzawa wa Mbeya kama namba 9, unajua utakavyomtukana. Anajua na yeye. Ndo maana hamleti. Kocha akimpanga mzawa mechi mbili bila goli, unaanza "kocha aondoke". Kocha naye ana mkataba na familia. Wewe ndo unanunua jezi, wewe ndo unajaza Kwa Mkapa, wewe ndo unapiga simu redioni. Una nguvu kuliko unavyojifanya. Tatizo umeitumia nguvu yote kudai wageni, ukaisahau Stars mpaka siku ya mechi.

TFF na wao wasikae pembeni wanachekelea. Ligi ya vijana ipo, lakini shabiki anaijua? Mechi zake zinaonyeshwa wapi, saa ngapi? Straika wa miaka 19 aliyefunga huko mwaka huu anaitwa nani? Ukiweza kunijibu bila kugoogle nakununulia chipsi kuku. Ila hata hapo, mechi moja ya kirafiki ya Simba na timu ya mtaani inapata watazamaji kuliko hao watoto, na watazamaji hao ni sisi.

Mnisikilize ninachotaka, ni kidogo sana. Usawa wa uvumilivu. Mgeni mpya umempa mechi 10 za kuzoea? Mpe mzawa mechi 10 zilezile, za kuanza, siyo dakika 7 za huruma. Mgeni akikosa ukasema "bahati mbaya", na mzawa akikosa useme hivyohivyo. Klabu yako ikitangaza straika wa tano kutoka nje, uliza kwenye komenti: huyu wetu wa timu ya vijana atacheza lini? Ulizeni elfu kumi mara moja, muone kama viongozi hawatasikia. Na msimu ukiisha, mfungaji bora akiwa mtoto wa Geita au Ruangwa au Kigoma, mpigieni kelele kama mnavyompigia mtu wa Abidjan. Hamtakatwa bando zaidi.

Yule Rais mstaafu Mzee Mwinyi alishasema zamani kwamba michezo yetu imekuwa kichwa cha mwendawazimu, kila mtu anajifunzia kunyoa. Huo msemo tunaupenda sana, kila tukifungwa tunautoa. Tunadhani vinyozi ni Nigeria na Misri na Morocco. Mimi naona wembe mmoja tumeushika wenyewe.

Jumatano saa 5 usiku nitakuwa macho, na nitawashangilia kwa sauti ya kuamsha majirani. Hawa vijana walioko Korhogo hawajapanga nani aanze namba 9 Simba wala Yanga. Wamepewa walichopewa wanapambana nacho, na Jumapili walibakiza dakika chache kuandika historia. Tukishinda, sherehe mpaka asubuhi. Lakini nakuomba kitu kimoja, tushinde tusishinde. Julai inakuja. Dirisha kubwa litafunguliwa, majina yataanza kutajwa, vidole vitawasha kuandika "leteni chuma". Kabla hujabonyeza, kumbuka dakika ya 88 ya Zambia.

Haya, mje mnitukane sasa. Ila kila anayekuja aje na jina la straika mmoja mzawa anayeamini anastahili kuanza kwenye klabu yake, na aseme yeye kamtetea wapi na lini. Asiye na jina asinijibu, akalale mapema Jumatano.